Waya Mwekundu Chini ya Kapeti

Shida ilinianza mwaka 1972, nikiwa na miaka minane. Mwaka huo baba yangu alikufa na hakuacha kitu. Wengine wakisema hivyo huwa wanamaanisha ameacha kidogo. Mimi nilitafuta mwenyewe, ndani na nje. Shamba lilikuwa la baba mkubwa. Ng'ombe hatukuwa naye. Palikuwa na jembe lililoliwa na mawe, blanketi, na pembe moja la tandala lililotobolewa ubavuni.

Hilo pembe ndilo lilikuwa kazi yake. Kwetu Upareni kazi ya wote inaitwa msaragambo. Mfereji ukiziba, njia ikikatika, shule ikitaka kuezekwa, pembe linalia juu mlimani na kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Asiyetoka anapigwa faini, na faini akishalipa bado anasemwa. Baba ndiye aliyekuwa akilipiga. Akishalipiga anashuka mpaka kwenye kazi, anakaa juu ya jiwe, na kila watu wakipoa analipiga tena. Wenzake wana matope mpaka magotini, yeye suruali kavu. Ndiyo desturi ya pale kijijini: mpiga pembe hashiki jembe siku hiyo. Lakini mimi mtoto nilikuwa naona aibu. Nilijua tu kwamba baba za wenzangu wanabeba mawe na wangu amekaa.

Kaburini watu walisema amefanya kazi kubwa. Mimi nilikuwa natazama nyumba yetu, inavuja. Nikasema moyoni, nikikua nitakuwa na vitu. Vitu vyenyewe, vya kushika.

Dada yangu alinilea. Alikuwa msichana mkubwa tu, si mama wa mtu, lakini alinibeba mgongoni kuvuka kijito cha pale chini kila mvua iliponyesha mpaka nikawa mzito kuliko yeye. Shule niliifikisha darasa la tatu. Daftari liliisha na hapakuwa na jingine. Nikashuka Same mjini, nikaosha magari kwenye gereji kando ya barabara kuu, pale upepo unapokurudishia vumbi ulilokwisha kuliosha. Umeme wa magari nilijifunza kwa kupigwa na koili. Hakuna aliyenifundisha, na sidaiwi shukrani na mtu. Leo gereji iliyo pale ni yangu. Wanakuja watu wa Kisiwani, kule tambarare kukavu, na magari ya mifugo, wanashuka watu wa milimani na magari ya tangawizi, na wote wananiita mzee.

Sasa nieleze habari ya waya.

Masika yaliyopita yalikata barabara ya kwetu, ile inayopanda kuelekea Vudee. Si kwamba iliharibika. Ilikatika. Pale kwenye kijito kalavati lilikwenda na maji, likaacha shimo la kumeza lori. Wahusika walikuwa na barabara nyingine mbovu kuliko yetu, sina ugomvi nao. Magari yakawa yanaishia upande wa chini, watu wanatelemka na kupanda kwa miguu.

Dada yangu yuko upande wa juu. Ana ugonjwa wa moyo. Miguu inamvimba, pumzi inamkatikia akitembea kutoka jikoni mpaka bandani. Kila baada ya muda hushuka hospitali Same kuonwa na kupewa dawa. Barabara ilipokatika tu, tarehe yake ikafika, vijana wakambeba kwa machela. Kwenye kijito wa mbele akateleza. Dada akaingia majini na kitenge chake cha kutokea. Hakuumia. Alitoka humo amekasirika, na aliporudi nyumbani aliapa.

"Sibebwi tena," aliniambia. "Nikibebwa tena nitakuwa nimelala kwenye sanduku."

"Dada, dawa zinaisha wiki hii. Alhamisi unatakiwa kwa daktari."

"Gari lako lifike mlangoni, nitapanda. Lisipofika, msalimie daktari."

Yule hana maneno mawili. Mimi nimemfuata yeye kwa tabia, si baba. Kwa hiyo kazi ilikuwa hiyo: shimo lizibwe kabla ya Alhamisi, la sivyo dada yangu angekaa kwenye kiti chake mlangoni dawa ziishe, na asingekuwa anatania.

Nilimfuata mwenyekiti wa kitongoji. Ni kijana wa makamo, mtu mwema, simu haimtoki mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Msaragambo umeitisha?"

"Nimeitisha mzee, tangu Ijumaa. Nimeweka kwenye kundi la simu."

"Wamejibu?"

"Wote wamejibu."

"Wamejibu nini?"

Akanionyesha. Vikono. Kila mtu ameweka vikono viwili vya manjano vimebanwa pamoja kama anasali. Mmoja ameongeza ua.

"Na shimoni walikuja wangapi?"

"Nilikuwa mimi, mzee, na mbuzi wa mtu."

Nikamuuliza pembe liko wapi. Akasema liko kwa dada yangu, limepasuka siku nyingi, alijaribu kulipiga likatoa sauti ya mbuzi mwenye kifua. Nikaona hapa pembe limekufa na simu haijazaliwa. Inatakiwa sauti ya kufika kila nyumba, na sauti ya namna hiyo ninayoijua mimi ni spika za kanisani.

Nikaenda kwa mwinjilisti. Wana spika mbili zenye midomo kama kengele na amplifaya yake, za mikutano ya nje.

"Mzee," akasema, "vyombo hivi ni kwa ajili ya Neno."

"Neno lenyewe linapita barabara gani kwenda Vudee?"

Akafikiri. Akasema sawa, lakini vyombo haviondoki bila yeye. Nikamwambia vizuri, wewe ndiye utakayesema, mimi nikisema watu hudhani nagomba.

Jumatatu nikaingiza gari langu gerejini, pikapu yangu, nikafungua boneti. Mwinjilisti akasimama pembeni na suruali yake ya kupiga pasi.

"Kwani mzee, si tuchomeke tu hapo pa kuwashia sigara?"

Nikaweka spana chini. Haya ndiyo maneno yaliyonipa riziki miaka yote. Nikamweleza: tundu la sigara waya wake ni mwembamba, umewekwa kwa ajili ya sigara na chaja ya simu. Amplifaya ile inakunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka Kisiwani kiangazi. Ukiichomeka hapo, waya unapata moto ndani ya dashibodi, mahali usipoona, na utakachokuja kuona ni moshi. Chombo kikubwa kinataka waya wake mwenyewe, mnene, kutoka kichwa cha betri moja kwa moja.

"Aa," akasema.

"Na kabla haujaondoka kwenye betri, hapa hapa, karibu, unaweka fyuzi. Si kule mwisho kwenye chombo. Hapa. Watu wanadhani fyuzi inalinda redio. Redio kitu gani? Fyuzi inalinda gari na mtu aliye ndani yake. Waya ukichubuka njiani ukagusa bati, fyuzi inakufa badala yako."

Nilikwisha kuona gari ambalo fundi wake aliweka fyuzi nyuma ya kiti. Liliungua, zikabaki springi za viti.

Basi nikatandika waya mwekundu. Nikaupitisha mbali na bomba la moshi, mbali na feni, nikaufunga kila hatua usichezecheze. Ukafika kwenye ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Hapo ndipo wengi wanapochukua drili. Mimi sitoboi gari. Waliolitengeneza walikwisha kulitoboa, kuna tundu kubwa lenye raba, nyaya zote za ndani hupitia hapo. Unachukua njiti ya baiskeli, unaipaka sabuni, unaisokomeza kwenye raba taratibu mpaka itokee upande wa pili, unafunga waya wako kwenye njiti, unaingia ndani na kuvuta. Raba inaubana waya na bati haliugusi, wala maji hayaingii.

Kuingia ndani ni rahisi kusema. Kuna namna moja tu ya kufika pale: unalaza mgongo kwenye kiti, kichwa kinakwenda chini kwa pedeli, miguu inabaki nje ya mlango. Nina miaka sitini na kitu. Nilikaa hivyo asubuhi nzima. Wateja walikuja, wakaiona miguu, wakaiamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," nikajibu kutoka chini ya klachi.

Mama mmoja muuza ndizi, mzaha wake haumwishi, akasimama. "Jamani, huyu mnamtoa au mnamwingiza?"

"Anatafuta njia ya kwenda Vudee," mwinjilisti akamwambia.

"Kwa huko?"

Nikauvuta waya, nikaupitisha chini ya kapeti mpaka kwenye amplifaya niliyoifunga kati ya viti viwili. Spika nikazifunga juu ya paa. Waya mweusi, ule wa hasi, nikaukaza kwenye bolti ya kiti. Waya wa maiki nikaulaza ubavuni mwa ule mwekundu, chini ya kapeti ileile, kwa sababu njia ilikuwa moja na mgongo wangu ulikuwa mmoja. Hapo wenye kujua watanyanyua kidole. Wanyanyue. Nikawasha chombo. Mwinjilisti akasema "Bwana asifiwe" na barabara kuu nzima ikageuka. Sauti safi kama maji ya chemchemi. Injini nilikuwa nimeizima, maana mafuta ni ya kwendea, si ya kujaribia.

Jumanne asubuhi tukaondoka. Tangazo tulilipanga vizuri: kesho Jumatano, saa moja, msaragambo pale kijitoni, kila nyumba mtu mmoja na jembe au sururu. Tukapita nyumba za chini, pa tambarare, nikasikia kitu kinavuma kidogo. Nikadhani upepo wa Same. Tukaanza kupanda. Nikabadilisha gia, nikakanyaga.

Spika zikalia.

Sikuwa nimewahi kusikia kitu cha namna hiyo kwenye gari langu, na kwenye gari la mteja ningelikemea. Ulikuwa mlio mmoja mrefu unaotoka chini unapanda juu. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Ni umeme wa altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, ulikuwa unavuka kutoka waya mwekundu kuingia waya wa maiki na kutokea huko juu kwenye spika umekuwa mkubwa.

"Mzee," mwinjilisti akasema, "sauti yangu inamezwa."

"Iongeze."

"Nikiiongeza na yenyewe inaongezeka!"

"Basi sema haraka, katikati ya gia."

Akajaribu. Nje palisikika "Ndugu" halafu mlio, halafu "kila nyumba" halafu mlio, halafu "jembe" halafu mlio mrefu kabisa maana hapo pana kona na mwinuko.

"Mzee, si usimame, uzime injini, tuseme kwa utulivu?"

"Selfu yangu haishiki vizuri. Nikizima kwenye mlima huu, kuwasha ni kusukuma. Utasukuma wewe?"

Akatazama suruali yake. Akaendelea kusema katikati ya gia.

Kwenye kona ya pili niliona bibi mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe. Aliposikia alisimama, akautua mzigo, akageuka na kurudi alikotoka, mbio za kizee. Nikasema tumemtisha. Mbele zaidi mzee mwenzangu alikuwa ameketi mlangoni kwake, mtu ambaye naambiwa hasikii. Akanyanyuka. Akaingia ndani. Tulipompita alikuwa ametoka na sururu begani.

"Huyu anakwenda wapi?" mwinjilisti akauliza.

"Shambani kwake."

"Sururu ya shambani?"

Nikatazama kwenye kioo cha nyuma. Yule mzee alikuwa barabarani, anatufuata. Nyuma yake mwanamke na jembe. Nyuma ya mwanamke, yule bibi wa majani, hana majani tena, ana karai.

Tulipofika kijitoni, palipokatika, ng'ambo ya shimo tayari walikuwa wamesimama watu walioteremka kutoka nyumba za juu. Wazee ndio waliokuwa mbele. Wamama nyuma yao. Halafu vijana wa bodaboda, hao walikuja kwa sababu walidhani kuna gari linaungua, na walipokuta wazee wenye majembe ikawa vigumu kuondoka.

Mwinjilisti akashuka, akanyoosha mikono. "Ndugu zangu, tulisema kesho! Kesho Jumatano!"

Yule mzee wa sururu akamtazama. "Pembe linalia leo, wewe unasema kesho?"

"Si pembe mzee, ni spika. Zina hitilafu."

"Sina habari ya hitilafu. Nimesikia pembe." Akatelemka shimoni.

Hawakulisikia tangazo hata mmoja. Ule mvumo wa altaneta, unaopanda mlimani na kugonga bonde na kurudi, waliokuwa na umri wa kukumbuka wote walisikia kitu kimoja, na miguu yao ikainuka kabla hawajauliza. Mwenyekiti alifika anahema, simu mkononi.

"Mzee, umewaambia nini?"

"Hakuna neno lililosikika."

"Sasa mbona wamekuja?"

"Waulize kwenye kundi."

Nikavua koti. Nilikuwa na sururu yangu nyuma ya gari na nilikuja kufanya kazi, maisha yangu yote sijaangalia wenzangu wakibeba. Nikazima amplifaya, nikashuka, nikashika jiwe la kwanza. Watu wakasimama.

"Weka chini," akasema yule mzee kutoka shimoni.

"Nina nguvu kuliko wewe."

"Sijasema nguvu. Mpiga pembe hashiki kazi. Baba yako hakukwambia?"

"Baba yangu alikuwa anakaa juu ya jiwe."

"Na wewe una kiti cha gari. Nenda kakae."

Nilitaka kubishana. Lakini wote walikuwa wamenitazama, wanawake pia, na hakuna aliyeinama tena mpaka niliporudi kwenye gari. Nikakaa. Nikawasha chombo. Mzee akainua mkono: kanyaga. Nikakanyaga, gia ikiwa huru, spika zikalia, wakainama. Mawe yakaanza kupita mkono kwa mkono kutoka mlimani. Wakipoa, mkono unainuka, nakanyaga. Siku nzima nilikuwa mguu wangu na pedeli ya mafuta. Mafuta ninayoyaheshimu yakaisha nusu ya tangi. Suruali yangu ilibaki kavu, na mwinjilisti aliyekuja amepigwa pasi alikuwa na udongo mpaka masikioni.

Pale kitini unaona vizuri. Mtu aliye shimoni anaona jiwe lake tu. Wewe unaona upande wa kulia umepungukiwa watu, unaona mama fulani amechoka na anaona haya kupumzika, unaona vijana wanaanza kutazama simu. Unajua lini ukanyage. Sikuwahi kujua kwamba ile ni kazi.

Alasiri, ng'ambo ya pili, nikamwona dada yangu. Ametelemka mwenyewe na fimbo, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, na walipotaka kumshika mkono aliwapiga kwa fimbo hiyohiyo. Wakamwekea jiwe akakaa. Tuliongea tukipaza sauti juu ya vichwa vya watu.

"Nani amelipiga pembe la baba?" akauliza. "Nimekwenda kulitazama ukutani, liko palepale limepasuka."

"Ni gari langu, dada."

"Gari linaumwa?"

"Linaumwa. Nitalitengeneza kesho. Ni kuhamisha waya tu."

Akavuta pumzi, mikono juu ya fimbo.

"Usilitibu," akasema.

Jua lilipoingia nyuma ya mlima shimo lilikuwa limejaa mawe hadi juu na maji yana njia yake chini. Jumatano walirudi bila kuitwa na mtu, wakapanga kingo. Alhamisi asubuhi nikavuka taratibu kwa gia ya kwanza, nikapanda mpaka mlangoni kwa dada. Alikuwa amevaa kitenge kilekile, kimefuliwa. Akapanda mwenyewe, polepole, mimi nikatazama pembeni kama alivyotaka. Akaweka miguu yake iliyovimba juu ya kapeti, akapapasa kwa kisigino.

"Hapa chini pana nini?"

"Waya wa umeme."

"Utanichoma?"

"Una fyuzi, dada."

"Haya. Washa hicho kitu, watu wajue napita na sijabebwa."

Nikawasha. Tukashuka mpaka Same tunalia.

Daktari alimwona, dawa akapata, na tangu hapo hajakosa tarehe. Vyombo vya kanisa nilivirudisha, nikafunga vya kwangu. Mafundi wawili wamenieleza namna ya kuuondoa ule mlio. Nawasikiliza, nawashukuru, nawapa chai.

Hivi ndivyo vitu nilivyo navyo leo. Gereji ya umeme wa magari Same mjini, ya tofali, ina bati. Nyumba ya vyumba vinne, haivuji. Shamba la migomba na maharage kule kwetu, na jingine la mpunga chini. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama. Pikapu moja, selfu imetengenezwa. Spika mbili, amplifaya, na waya mwekundu kutoka betri mpaka chini ya kapeti, haujahamishwa. Pembe moja la tandala, limepasuka, liko ukutani kwa dada, lakini amesema ni langu. Dada mmoja.